MZIZI WA JINO HAUOSHWI KWA MAJI MATUPU



Sisi wafanya kazi wa reli hapa Voi twajua ya kuwa chuma chenye kutu hakiponi kwa kupakwa rangi juu. Sharti kutu ikwanguliwe kwanza. Mzizi wa jino ni vivyo hivyo. Jino lililooza hata ndani laweza kuokolewa: daktari hulitoboa, huondoa nyama iliyokufa, huuosha mfereji wa mzizi, kisha huuziba. Wengi wetu huuliza bei ya kuziba tu. Yafaa tuulize kwanza habari ya kuosha, maana tupa ndogo za daktari hazifiki kila pembe ya mzizi. Dawa ndiyo ifikayo.

Dawa ya kwanza ni sodiamu haipokloraiti, jamii moja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Si ngeni. Mwaka 1915, reli ya vita ilipokuwa ikitandikwa kutoka Voi kwenda Maktau, Henry Dakin na Alexis Carrel walikuwa wakiosha kwa dawa hiyo madonda ya askari kule Ufaransa. Huua vijidudu, tena huyeyusha nyama iliyokufa. Klorheksidini huua vijidudu, lakini haiyeyushi nyama hiyo. Maji ya chumvi husukuma taka tu. Dawa iitwayo EDTA huondoa unga wa jino uliogandamana ukutani; hiyo ni msaidizi, haishiki nafasi ya ile ya kwanza.

Mtu atasema dawa hii ni kali. Ni kweli. Ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, uso huvimba na maumivu huwa makubwa. Ndiyo sababu jino huzungushiwa kipande cha mpira, na dawa humiminwa polepole. Wala isikutanishwe na klorheksidini ndani ya mzizi, kwani huganda kwa rangi ya kahawia. Ukali wake wataka fundi hodari, hautaki tuikimbie. Na mtu asisukutue kwa dawa ya nguo nyumbani!

Basi maoni yetu ni haya. Chama kinapokaa na waajiri juu ya matibabu, kisikubali mapatano ya kulipia kung'oa peke yake. Kung'oa ni rahisi leo, lakini jino la mtu mzima halioti tena. Tudai tiba ya mzizi, pamoja na mpira wake na dawa yake.

Ndugu, leteni sauti zenu mkutanoni. Umoja ni nguvu.