Uzito wa Mtoto Hauamuliwi na Rangi
Wapo wanaodai kwamba watoto wa Wamarekani weusi huzaliwa wadogo kwa sababu ya nasaba yao ya Kiafrika. Dai hilo halisimami. Mwaka 1997, madaktari Richard David na James Collins walichapisha uchunguzi wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois. Watoto wa akina mama weupe walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 3,446. Wa akina mama waliozaliwa Afrika, 3,333. Wa Wamarekani weusi, 3,089. Kama sababu ingekuwa nasaba, waliotoka Afrika ndio wangeshika mkia. Tuyachunguze maisha ya mama mweusi Marekani, na ubaguzi unaomwandama tangu utotoni. Kusingizia nasaba ni kuhalalisha madhara yanayoweza kuzuilika.