Zulia Jipya na Kifua cha Mtoto

Mwezi uliopita nilinunua zulia la nailoni, nikalitandika siku ile ile katika chumba chetu hapa Nyarusange. Usiku harufu ya gundi ilitanda. Mtoto wetu atambaaye akakohoa hadi alfajiri. Kulipokucha nililitoa nje, nikaurudisha mkeka wa mafunjo niliokuwa nimeudharau.

Harufu hiyo ni mvuke wa kemikali zilizomo katika gundi na katika mgongo wa zulia. Hutoka kwa wingi siku za kwanza, na hujaa mahali pasipopita hewa. Tena nyuzi ndefu za zulia huficha vumbi na vijidudu visivyoonekana, viamshavyo pumu.

Mafunjo ya mabondeni hufumwa bila gundi. Yakikatwa pasipo kung'olewa mizizi, huchipua upya, na bonde huendelea kuchuja maji yetu. Mkeka ukichakaa huoza shambani ukawa mbolea. Nailoni hudumu udongoni miaka mingi.

Basi, kabla hujalipa, nusa kwanza: kinachonuka dawa kiache. Ikiwa zulia umekwisha kulinunua, lianike uani siku kadhaa mpaka harufu iishe. Mkeka nao ukung'utwe nje na kuanikwa juani kila juma, kwani unyevu huleta ukungu.

Askari arudipo kutoka zamu, apate nyumba yenye hewa safi. Pambo la sakafu lisilipwe kwa pumzi ya mtoto.