Kocha Mgeni Akishinda "Anaipenda Nchi", Akitoa Sare "Kaja Kula Bata"

Kila msimu ligi ikianza, picha ya aina moja lazima isambae. Kocha kijana wa timu kubwa, mgeni, kavaa kaptula na ndala, kakaa kwenye mgahawa mmoja wa Masaki upande wa baharini. Mezani kuna sahani ya samaki, glasi ya juisi, na pembeni kuna mtu ambaye sura yake imekatwa kidogo ili watu wabishane ni nani. Aliyepiga hajulikani, labda mhudumu, labda jirani wa meza ya pili. Ndani ya saa moja picha iko kila sehemu.

Sasa angalia ratiba. Kama juzi timu ilishinda tatu bila, maneno chini ya picha yanakuwa matamu: "Huyu ni wetu", "Apewe uraia", "Kashazoea Bongo, anakula hadi dagaa". Kama juzi ilikuwa sare ya bila kufungana, picha ile ile na sahani ile ile inageuka ushahidi mahakamani: "Ndiyo maana timu haichezi", "Kaja kula bata", "Mshahara wa dola anaulia pweza". Samaki hajabadilika, kilichobadilika ni ubao wa matokeo.

Watu wanaliona jambo hili ni utani wa mpira, na utani wa Simba na Yanga ni mtamu, hakuna anayetaka uishe. Ila huu mtindo wa kupima maisha ya mtu kwa matokeo ya Jumamosi unaharibu kitu ambacho wengi hawakioni.

Anza na umri. Julai 2025 Yanga ilimtambulisha Romain Folz, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1990. Miaka 35. Umri huo mtaani bado mtu anaitwa "kijana" kwenye vikao vya harusi na anatumwa kuleta viti. Sasa mtu wa umri huo anapewa timu yenye mashabiki mamilioni, wazee wa klabu wenye kumbukumbu za miaka ya sabini, na wachezaji ambao wengine wamepishana naye miaka michache tu. Baba yao si yeye, na mshikaji wao pia hawezi kuwa. Vijana wa vifaa wanaweza kumpa "shikamoo" asubuhi, naye, kwa Kiswahili chake cha wiki mbili, akajibu "poa". Kila mtu anacheka, naye anacheka bila kujua kinachochekesha.

Septemba mwaka huo akabeba Ngao ya Jamii mbele ya Simba. Oktoba 18, Yanga ikafungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya kwanza, ya marudiano bado ipo, na siku hiyo hiyo kazi ikaisha. Hesabu inasema miezi mitatu. Kuna watu wanachukua muda mrefu zaidi ya huo kumaliza kreti moja ya soda waliyonunua kwa ajili ya wageni.

Na hakuwa wa kwanza kukutana na hilo. Oktoba 2020 Yanga iliifunga Coastal Union ya Tanga 3-0, na usiku ule ule Mserbia Zlatko Krmpotić akaambiwa kwaheri. Kwenye ligi alikuwa hajapoteza hata mechi moja. Miguel Gamondi alitwaa ubingwa wa ligi 2024 akiwa Jangwani. Novemba mwaka huo huo vikaja vipigo viwili mfululizo, kutoka kwa Azam na Tabora United, akaondoka. Akaja Sead Ramović, na Februari 2025 huyo akaondoka mwenyewe kwenda CR Belouizdad ya Algeria.

Msimbazi nako si kwamba kuna utulivu wa msikitini. Sven Vandenbroeck aliipeleka Simba hatua ya makundi Januari 2021 kwa kuichapa FC Platinum 4-0, na kesho yake akawa si kocha wa Simba tena. Fadlu Davids aliifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho 2025, Septemba akatimkia Raja ya Casablanca. Wengine wanafukuzwa, wengine wanajiondokea kabla hawajafukuzwa, na katika hali hiyo ni mgeni gani atakayefungua begi lote? Nguo za wiki mbili zinatoka, zilizobaki zinakaa ndani ya begi, na begi linakaa karibu na mlango. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye ligi ya Bongo jembe anapewa siku ya kwanza uwanja wa ndege, na siku ya tatu ananyang'anywa.

Sasa yale maisha ya bata yakoje kweli? Mazoezi ya Yanga yako Avic Town, Kigamboni. Ya Simba yako Bunju. Mtu anayekaa Masaki au Mikocheni ana uhusiano wa karibu sana na foleni. Anaamka gizani, anavuka daraja, anasimama juani, anarudi na video za mechi za kuchambua hadi usiku. Kuna safari za Mbeya, Mwanza, Babati. Kuna kibali cha kazi. Kuna mkutano na waandishi ambapo jibu lake la dakika mbili linatafsiriwa kwa sekunde kumi. Kuna simu ya nyumbani ambayo, akiwa ameacha mtoto mdogo, ndiyo burudani yake kuu ya siku, na intaneti ikikata hapo hata pweza wa Masaki hasaidii.

Hapo kwenye intaneti kuna historia. Mwaka 2020 Mbelgiji Luc Eymael alilalamika hadharani kuwa hana gari, hana waifai, hana DStv. Angeishia hapo pengine watu wangemsikiliza, kwa sababu ni madai ya mfanyakazi. Akaendelea hadi kuwatukana mashabiki kwa maneno ya kibaguzi, na klabu ikamtimua kama ilivyostahili. Matokeo yake ni kwamba kocha yeyote mgeni akisema leo maisha yana changamoto, watu wanamsikia Eymael. Mmoja alikosa adabu, wote wanaomfuata wanalazimika kutabasamu.

Kuna hoja ya pesa, na haiwezi kukwepwa: "Analipwa dola, avumilie." Sawa. Analipwa kufundisha, na kwenye kufundisha abanwe mpaka atoe jasho. Mshahara haujanunua chakula chake cha jioni. Nesi naye analipwa, mwalimu naye analipwa, na hakuna anayewafuata kwenye mishikaki kuwahesabia vijiti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, ila ni wazi kwamba mpiga picha wa meza ya pili hajaisoma.

Halafu kuna hili ambalo halisemwi. Udaku huu unawapenda zaidi wageni weupe. Cedric Kaze, Mrundi, alikuja Yanga Oktoba 2020 na kuondolewa Machi 2021, akarudi baadaye kama msaidizi wa Nasreddine Nabi. Huyo naye alikuwa ugenini, mbali na familia kama mwingine yeyote. Kocha kutoka Burundi, Malawi au Rwanda akikaa mgahawani ni nadra picha yake kupewa kelele zile. Ni bahati kwake, lakini pia inaonyesha kinachotazamwa ni nini. Hautazamwi mpira hapo.

Na mpira ndio ulioleta safari yote hii. Toka Dar, fuata barabara ya Chalinze kwenda Segera, njia ile ile ambayo basi la timu hupita likienda Mkwakwani, Tanga. Inakatiza wilaya ya Handeni, inapita Mkata, halafu Segera panda moja inaelekea Muheza na Tanga, nyingine Korogwe. Mazingara ni kata ya Handeni. Huko nako kuna kibanda umiza, kuna mikeka ya kubeti inachanika kila Jumapili, kuna watu wanaojua kikosi cha Yanga kuliko majina ya shangazi zao. Na kama ilivyo kata nyingi za Handeni na Korogwe, kuna vijana wanaofundisha timu jioni bila senti. Filimbi shingoni, mipira miwili, mmoja umeshashonwa upande, uwanja ambao mbuzi wana haki nao sawa na mabeki.

Hao ndio wanaohusika hapa, ingawa hakuna anayewaposti. Ngazi ya ukocha inajulikana: kozi za awali za TFF, halafu leseni za CAF, D, C, B, A. Kupanda kunataka nauli, ada na siku za kuacha shamba au bodaboda. Kijana ambaye bado yuko chini kabisa ya ngazi hiyo, shule yake ya karibu ni simu. Anataka kuona mgeni wa miaka 35 aliyefika ngazi ya juu anapanga mazoezi yake vipi. Anawapa joto wachezaji kwa dakika ngapi? Timu ikipoteza mpira anawataka wafanye nini sekunde tatu za kwanza? Anaongeaje na mchezaji mwenye jina kubwa anayechelewa? Anafungua simu, bando la shilingi mia tano linaenda, anakuta samaki. Anakuta mjadala wa kurasa tano kuhusu mwanamke aliyekatwa sura.

Cha kuchekesha, kijana huyo anaijua hukumu hiyo kwa mwili wake. Kwenye mashindano ya mbuzi, yale ya timu kuchanga ada na bingwa kuondoka na mnyama, kocha akipoteza fainali haulizwi kwa nini alimtoa winga. Anaambiwa "ulikuwa unashinda kijiweni", "ulionekana na binti wa fulani wiki nzima". Mbuzi kaliwa na wengine, tabia za kocha ndizo zinazochinjwa. Tofauti ni kwamba Mfaransa anapanda ndege. Wa Mazingara kesho asubuhi anapita mbele ya watu wale wale akiwa kabeba jembe, na jioni anatakiwa apulize filimbi tena.

Na miezi mitatu haimwachii mtu kitu. Kocha mgeni akikaa misimu miwili, msaidizi mzawa aliye pembeni yake anaokota: namna ya kuandika ripoti, namna ya kuchambua mpinzani, namna ya kusema hapana kwa kiongozi. Msaidizi huyo kesho anaendesha kozi Tanga mjini, na kijana wa Handeni anaipata kwa mkono wa pili. Juma Mgunda, mtoto wa Tanga aliyecheza na kufundisha Coastal Union, alikabidhiwa Simba kwa muda Septemba 2022 baada ya Zoran Maki kuondoka, akaifikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa. Uwezo upo. Lakini Januari 2023 akaletwa Mbrazili Robertinho, na mzawa akarudi kuwa wa kushika usukani dereva akishuka kununua maji.

Mtu anaweza kusema lawama ziende kwa viongozi, wao ndio wanaoajiri na kufukuza. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ila kiongozi naye ana simu. Akiona siku tatu mfululizo mitandao imejaa samaki na kaptula, anajua kelele zimeiva, na kumfukuza kocha ni njia rahisi kuliko kueleza kwa nini usajili haukufanya kazi. Ile picha inamsaidia yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Anayedhani anamkomoa kocha anamfunika bosi.

Tazama kilichofuata baada ya Folz. Wiki moja baadaye, Yanga iliifunga Silver Strikers 2-0 Dar na kusonga mbele. Benchini alikuwa Patrick Mabedi, Mmalawi aliyekuwa msaidizi. Wachezaji wale wale, siku saba tu katikati, na Mreno Pedro Gonçalves alikuwa anakuja kushika nafasi. Alibadilisha nini Mabedi siku hizo saba? Aliongea nao nini, alipunguza nini mazoezini, alimsogeza nani mbele? Mtu akiwa na hiyo video aiposti. Mazingara wapo watakaoitazama mara mbili, hata kama bando linaisha.