Mwacheni Mtoto Asikilize

Katika mkutano wa wazazi mwezi uliopita, mwalimu mmoja alituagiza tuzime redio na televisheni nyumbani mpaka mitihani ipite. Kusikiliza ni starehe, alisema, na kujifunza ni kusoma. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na hasira haijanitoka hadi leo.

Nani aliyetudanganya kwamba kinachomstarehesha mtu hakiwezi kumfundisha? Tanzania hii ilifundishwa kwa masikio. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa wiki 12 walisikiliza habari za malaria, kichocho na kuhara, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Shangazi yangu hakuwahi kushika kalamu. Betri za redio yake zikilegea, alizianika juani kwenye ungo ili jioni kipindi kisimpite. Kuchemsha maji ya kunywa alijifunza redioni, na alichemsha mpaka anaingia kaburini. Huyo naye alikuwa anapoteza muda?

Mwaka 1993 ukaja mchezo wa redio, Twende na Wakati. Watu walimsikiliza Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, wakacheka, wakamlaani, wakabishana juu yake vibarazani. Mchezo ule ulirushwa karibu nchi nzima. Dodoma ikaachwa kwa makusudi hadi mwaka 1995 ili watafiti walinganishe. Waliousikia walianza kutumia uzazi wa mpango kwa wingi kuliko wasiousikia. Ulipofika Dodoma, na huko mambo yakabadilika. Hakuna aliyekalishwa darasani wala kuchapwa fimbo. Walikuwa wamepumzika baada ya kazi, na kwa kuwa walifurahi, yaliwaingia.

Eti redio inalaza akili! Wanaosema hivyo ndio wanaomkaririsha mtoto maswali ya mitihani iliyopita hadi saa tano usiku, akisinzia juu ya daftari, halafu wanamwita mvivu. Akili inalazwa na nini kama si hayo?

Kama kelele ni lazima, basi wapigieni kelele wenye vituo. Matangazo ya kubeti yanamwagwa mchana kutwa, watoto wakiwa wanasikia, na waliopiga makofi ukumbini wamenyamaza. Michezo ya kuigiza iliyokuwa ikikusanya familia nzima imebanwa pembeni na watangazaji wanaochekeana wao kwa wao. Hilo ndilo la kuitishia mkutano.

Mzazi mwenzangu, usiizime redio. Mchagulie mtoto kipindi kizuri, keti naye msikilize pamoja, na kikiisha mwambie akusimulie alichosikia. Mwalimu wake naye amsimulishe kesho yake darasani.