Mtambo Wetu, Maneno ya Nani?

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo chochote na ingesubiri hadi mwaka 1994. Wengi hulitaja jambo hilo kwa fahari, nalo lastahili fahari. Lakini anayedhani kuwa sauti ya Visiwa ilizaliwa na mtambo ule na aitazame historia vizuri. Mwaka 1928, chini ya himaya ya Waingereza, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafirishwa hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Mashine haikuwa yake, kampuni haikuwa yake, mji haukuwa wake. Maneno yalikuwa yake. Taarabu iliyoenziwa katika jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu, naye akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wa kawaida, akiwataja mahakimu, matajiri na waonevu. Kumbe swali kubwa la vyombo vya habari si nani anamiliki mtambo, bali ni maneno ya nani yanayoujaza.

Na hata mtambo ukiwa wetu, swali hilo haliishi. Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tangu enzi za ukoloni, nacho kikaendelea kutawala redio, shule na magazeti baada ya Uhuru na Mapinduzi. Mtu wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Pemba aliisikia serikali yake ikisema naye kwa lafudhi ya mjini, na watoto wake wakajifunza kuionea haya lafudhi ya nyumbani. Ndiyo maana Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilipotoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kikae, lahaja ya Makunduchi, lilifanya kazi ya maana, ingawa kamusi, kwa maoni yangu, huja pale ambapo wasemaji wameanza kupungua. Mkoloni hahusiki peke yake katika hili. Sisi wenyewe tumekuwa wepesi wa kuwanyamazisha majirani zetu.

Msomaji wa Chonyonyo, huku bara mkoani Kagera, atauliza: ya Visiwani yananihusu nini mimi wa Karagwe? Yanamhusu sana. Habari za Rumanyika, mtawala wa Karagwe aliyemkaribisha mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, dunia inazisoma katika kitabu cha mgeni huyo, naye aliandika alichokiona na alichotaka kukiona. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walikuwa na watunzi na wapigaji wa enanga, ala yao ya nyuzi, waliohifadhi nasaba, vita na mashauri ya Bweranyange, makao ya wafalme wao, katika kumbukumbu zao. Leo kijana wa hapa ana simu mfukoni na king'amuzi sebuleni, akaujua ugomvi wa wasanii wa Dar es Salaam na matokeo ya ligi ya Uingereza, na asijue mlima ulio mbele ya nyumba yao uliitwaje na kwa nini.

Kuna watakaosema kwamba kuyasema haya ni kuchochea ukabila, na kwamba kanuni za utangazaji nchini zinataka Kiswahili na Kiingereza. Hoja hii ina uzito. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na asiyelijua hilo na awaangalie majirani zetu wa mpakani walivyoteseka kwa ukabila. Lakini hakuna kanuni inayomzuia mjukuu kumrekodi babu yake, wala inayozuia habari za Karagwe kusimuliwa kwa Kiswahili, enanga ikisikika nyuma yake na mtangazaji akieleza maana. Siti aliimba kwa Kiswahili bila kuacha kuwa mtu wa Ng'ambo.

Wengine watasema vijana hawayataki mambo ya kale. Waliosema hivyo wameyajaribu lini? Mwaka 1973 kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka, kwa sababu kipindi kilizungumza juu ya vijiji vyao. Redio ya jamii ya FADECO, iliyoko hapa hapa Karagwe, imejulikana kwa kuwasemesha wakulima juu ya mashamba yao. Mtu husikiliza anapotajwa.

Basi wazee wa Chonyonyo wasingoje mtafiti kutoka chuo kikuu. Kila shule iwe na kundi la wanafunzi la kurekodi. Walimu wa historia wapewe vipindi vya kuyaandika yaliyorekodiwa. Na halmashauri, inapopanga fedha za utamaduni, ilipie kwanza kinasa sauti na mahali salama pa kuhifadhi, kabla ya kulipia jukwaa la sherehe. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko bibi anayejua nyimbo za enzi za Omukama, yaani mfalme, mrekodi wiki hii.