Mkiwa Safarini na Watoto Wasiotulia, Mtakula Wapi?

 

Mama mmoja alinisimamisha mlangoni mwa kanisa baada ya ibada akaniuliza swali ambalo nadhani ni la wengi wetu. Yeye na baba watoto wamepanga kuwapeleka watoto wao watatu Matema kwa siku nne likizo ya Juni. Nauli ipo, na mahali pa kulala pamepatikana. Linalomnyima usingizi ni chakula. "Sista," akaniambia, "wanangu hawakai kitini. Nikiwaingiza hotelini, kabla sahani hazijafika mmoja yuko chini ya meza, wa pili ameingia jikoni, wa tatu analia. Nitawalisha wapi nisiaibike?"

Wenzetu wa Dar es Salaam huwapeleka watoto kwenye michezo ya maji kule Kunduchi. Nchi za nje, kama Marekani, viko viwanja vikubwa vya starehe ambavyo hata hoteli zake zimepangwa kwa ajili ya mtoto: huku anakula, huku anapita mtu aliyevaa vazi la mnyama wa katuni akimpungia mkono. Sisi huku Kyela hatuna viwanja hivyo. Tunalo ziwa, tuna milima ya Livingstone inayoshuka hadi majini, na tangu barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema ilipowekwa lami, hata familia isiyo na gari hufika pale bila kuchakaa. Vya kumfurahisha mtoto vipo vingi. Kazi ni kuchagua mahali pa kula ambapo vitamfurahisha bila kumdhuru, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliwahi kukosea.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitano. Tulikuwa na mgeni, shemeji yangu kutoka Dar es Salaam, nami sikutaka aone kwamba tunakula ovyo. Nikachagua hoteli kwa macho ya mgeni: viti vya kuegemea, vitambaa vyeupe mezani, glasi zimepangwa. Jina lake silitaji, wala kosa halikuwa lao. Tukaagiza wali na mbasa. Mhudumu akasema, "Sasa hivi tu, mama." Sasa hivi ikawa nusu saa, ikawa saa nzima. Ilikuwa mwezi wa Julai na upepo ulikuwa umechafua ziwa, mawimbi yanasikika hadi ndani. Mtoto alivuta kitambaa, akamwaga chumvi, akalala chini ya kiti. Nilimwambia "tulia" nadhani mara nane. Halafu akatulia kweli, nikashukuru, nikaendelea na mazungumzo.

Alikuwa ametulia kwa sababu hakuwepo.

Mlango wa nyuma ulifunguka moja kwa moja kwenye mchanga, na kutoka pale hadi majini ni hatua kama arobaini. Nilizikimbia bila viatu. Nilimkuta ameshikwa shati mgongoni na mama mmoja aliyekuwa akiosha sufuria ufukweni. Alikuwa amelowa hadi kifuani, kandambili moja imekwenda na maji. Nikampiga kofi mbele ya watu. Mama yule hakunilaumu wala hakunihubiria. Aliniuliza tu kama mtoto alikuwa amekula.

Hakuwa amekula tangu chai ya alfajiri, na ilikuwa saa nane mchana. Mimi ninayewafundisha akina mama kliniki habari za kulisha watoto nilikuwa nimemkalisha mwanangu na njaa kwa ajili ya vitambaa vyeupe. Mama yule alikuwa na banda lake la makuti chini ya mwembe, mbali kidogo na maji. Alimpa ndizi mbili za kuchemsha na kumkalisha kwenye mkeka. Mtoto yule yule asiyetulia alikaa pale karibu nusu saa, akimtazama mama anavyosafisha usipa na kuhesabu wale waliokuwa wakubwa kuliko kidole chake. Samaki wetu wa hotelini tulikuja kuwafungia wakiwa wamepoa.

Tangu siku ile, kabla ya kukaa mahali popote na watoto, kwanza nazunguka. Sioni haya tena. Naangalia nyuma ya nyumba, naangalia mlango unaelekea wapi. Mahali palipo kando kabisa ya maji panapendeza kwenye picha, lakini mama hawezi kula na kulinda kwa wakati mmoja. Tukumbuke kwamba mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Anapotea kimya, na dakika chache zinatosha. Miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo tunapata likizo, ndiyo pia miezi ya upepo mkali wa kusini-mashariki, ule ambao ndugu zetu wa Malawi huuita mwera. Unalisukuma ziwa lote kuja huku kwetu kaskazini. Maji yaliyokuwa shwari asubuhi mchana yanaweza kumwangusha hata mtu mzima. Kwa hiyo mimi huchagua banda lililorudi nyuma, lenye kivuli na mchanga mkavu, ambapo baina ya mtoto na ziwa pana uzio au angalau mtu mzima aliyekaa upande ule. Mtu huyo mnakubaliana kwa jina kabla chakula hakijaagizwa. "Sote tunamwangalia" maana yake hakuna anayemwangalia. Akina baba nao wana macho, na si lazima muda wote yawe kwenye simu.

Pili ni kusubiri. Chakula kizuri cha ufukweni hakiwi tayari, na haki ya mpishi ni kupewa nafasi. Samaki anaparuliwa, mkaa unawashwa, mchele wa Kyela unachambuliwa na kuoshwa, na harufu yake pekee inatosha kumtia mtoto wazimu kama ana njaa. Usiulize, "Mna nini?" Uliza, "Kipi kiko tayari sasa hivi?" kisha uone kwa macho. Njia iliyonisaidia zaidi ni hii: naenda asubuhi, saa tatu au saa nne, naagiza, napatana bei, naacha namba ya simu na fedha kidogo ya kununulia samaki. Kisha tunaondoka na watoto. Saa sita na nusu tunarudi na kukuta vyungu vinafunikwa. Hakuna kukaa mezani kutazamana.

Na saa zile za katikati ndizo starehe yenyewe. Kama ni Jumamosi, wapeleke watoto Lyulilo, jirani tu na Matema, kwenye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu hivyo kwa mikono kisha huviteremsha kwa mitumbwi, kwa maana Ikombe iko upande wa pili chini ya milima. Mtoto anayeona mtumbwi uliojaa vyungu hadi juu, watu wakivipokezana kimoja kimoja hadi nchi kavu bila kuvunja, hataulizia katuni. Mnunulie kachungu kadogo, kisha mchana, mama wa bandani akikubali, apakuliwe mchuzi ndani yake. Mwanangu mmoja aliyekuwa akikataa samaki nyumbani alimaliza wote kwa sababu hiyo tu.

Mkiwa njiani kupitia Ipinda, msimu ukiwa wa kakao, simameni. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela, lakini watoto wengi wa mjini hawajui kwamba ni tunda. Watanunuliwa moja, litapasuliwa, watafyonza ule ute mweupe mtamu na kushangaa kwamba hauna ladha ya chokoleti hata kidogo. Ila mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe mbegu zile mdomoni, ni rahisi kumkwama.

Nikitaja kukwama, niseme na juu ya mbasa. Mbasa ni mtamu, nasi huku tunamwonea fahari, lakini ana miiba mingi myembamba. Kwa mtoto mdogo agiza perege, mama umchambulie mwenyewe kwa vidole, polepole, mwangani. Usimlishe gizani wala akiwa anakimbia. Mwiba ukimkwama kooni, desturi yetu ya kumpa tonge kubwa la ugali alimeze tuiache, kwa kuwa tonge linaweza kuuzamisha zaidi. Mpeleke akaangaliwe, Matema ipo hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Lakini kama amepaliwa, bado anakohoa na kulia, mwache akohoe. Akishindwa kupumua wala kutoa sauti, usimpeleke popote kwanza. Mwinamishe, mpige mgongoni kwa kiganja, katikati ya mabega, mara tano. Isipotoka, aliyezidi mwaka mmoja mshike kwa nyuma umkamue tumbo juu ya kitovu, kwa ndani na kwa juu, mara tano, na kurudia hivyo mpaka kitoke, huku mwenzako akiita msaada. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hakamuliwi tumbo. Huyo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, apigwe mgongoni mara tano, kisha mgeuze umbonyeze kifuani kwa vidole viwili mara tano.

Vitambaa virefu vya meza sasa nimevichukia kabisa, nanyi mtanisamehe. Mtoto hukivuta, na chai ya moto huja juu yake. Nimewaona wengi mno wodini. Mkeka ni bora, au benchi fupi na meza tupu. Jiko nalo liwe mahali anapoliona lakini halifikii. Kuona moto, kuona samaki anageuzwa, kuona mama anasukuma ugali, hayo ndiyo maonyesho yake, na ni ya bure. Mpishi mwenye upendo atampa hata kazi ndogo: kupanga vijiko, kuchambua mchele, kuhesabu sahani. Nimeona watoto watukutu wakigeuka wahudumu kwa dakika kumi.

Sasa mtu asinielewe vibaya akadhani nasema kila banda ni zuri. Kyela imewahi kupigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, nami siwezi kuandika habari za kula nje bila kulisema hilo. Tazama kama kuna ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia, si beseni moja ambalo kila mtu anatumbukiza mikono. Tazama maji ya kuoshea sahani yanabadilishwa mara ngapi, na choo kiko wapi. Chakula kije kikitoa mvuke. Kachumbari na juisi iliyochanganywa na maji usiyoyajua, mwache mtoto azikose siku nne, hatapungukiwa kitu. Matunda ayamenye mwenyewe. Mkobani weka pakiti mbili za chumvichumvi ya kuharisha na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Na kabla watoto hawajaoga ziwani uliza wenyeji mahali pa kuogelea, maana kichocho kipo Ziwa Nyasa, na sehemu zenye maji yaliyotulia na magugu si za kuchezea.

Najua wengine mtauliza habari ya simu. Kumpa mtoto simu aangalie katuni mpaka chakula kifike kunaleta utulivu, sikatai, na siku ya mvua nimefanya hivyo mwenyewe. Lakini nimeona pia kwamba mtoto wa simu chakula kikifika hali, anataka katuni iishe kwanza, na vita inaanza upya. Vitendawili vinafanya kazi nzuri zaidi, na vishimo vya bao mchangani. Zaidi ya vyote, ndizi mbivu moja kabla ya kufika. Utundu mwingi tunaouita tabia mbaya ni njaa tu, au haja ndogo.

Kuhusu aibu aliyoiogopa yule mama, nilimwambia ukweli kwamba watu wa ufukweni wamelea watoto wengi kuliko sisi. Anayekasirika mtoto akicheka mahali pa kula, huyo hafai kulisha familia, hata glasi zake ziwe nzuri namna gani. Na ukisoma Yohana sura ya 21 utakuta Bwana mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya makaa kando ya ziwa. Viti havitajwi.

Banda la chini ya mwembe nimelirudia kila mwaka. Mara ya kwanza nilipeleka kitenge kama shukrani, nikaanza hotuba ndefu niliyoiandaa njiani. Akaikatisha kwa "ndaga" moja, akakifunga kiunoni papo hapo, akaniuliza tutakula wangapi. Mwanangu sasa ni mrefu kuniliko, na mama yule bado humwita "wa kandambili moja".

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mtoto anayetapika ndani ya basi, maana mama wa Tukuyu ameniandikia kwamba kona za kushuka Kyela zimemshinda.