Kitanda cha bei poa Dar kinavyokula mtaji

MFANYABIASHARA anayetoka Bujumbura, Kigali au Bukavu kufuata bidhaa Dar es Salaam hupanga karibu kila kitu kabla ya kupanda basi: aina ya mzigo, fedha, hati ya kusafiria, hata gari la kurudisha bidhaa. Jambo moja huachwa liamuliwe na uchovu, nalo ni mahali pa kulala. Basi likiingia usiku Stendi ya Magufuli, Mbezi, msafiri huchukua chumba cha kwanza cha bei poa kilicho jirani na stendi. Hesabu ya safari huanza kuharibika hapo.

Mbezi iko kilomita 20 hivi kutoka Kariakoo. Anayelala huko na kununua bidhaa kwa siku tatu atakuwa amesafiri kilomita 120 kwenda na kurudi, ndani ya foleni ya Barabara ya Morogoro, asubuhi akiwa na fedha mwilini na jioni akiwa na vifurushi mikononi. Akigundua alasiri kwamba amefungiwa saizi ambazo hakuagiza, hana pa kuweka mzigo wakati akimfuata muuzaji. Alichookoa kwenye chumba kimekwenda kwenye nauli, muda na hatari. Rahisi huvunja upishi.

Dar es Salaam si mji wa kukadiria kwa macho. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 5.3. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na “Carrier Corps”, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Anayekuja leo kuchukua mzigo wake mwenyewe anastahili kufanya hivyo kwa mpango.

Mpango mzuri huanza na kazi, kisha kitanda. Mwenye shughuli Kariakoo alale Kariakoo, Gerezani au Ilala, mahali ambapo anaweza kwenda dukani kwa miguu na kurudi kupumzika mchana. Anayeshuka na treni ya SGR kutoka Dodoma ana nafuu zaidi, kwani stesheni haiko mbali na soko. Magomeni na Sinza nako kuna gesti nyingi, lakini kati ya Machi na Mei ni vyema kukumbuka Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, barabara hiyo hufungwa na wa ng'ambo ya pili hubaki huko na fedha zake.

Wapo wanaosema Kariakoo ni ghali na ina kelele. Ni kweli. Lakini wenzao wawili wanaoaminiana wanaweza kuchangia chumba, na anayemaliza manunuzi siku moja mapema amekwishalipa tofauti ya bei. Mbezi nayo ina nafasi yake: ni pazuri kulala usiku wa mwisho, mzigo ukiwa umeshatangulia na basi likiondoka alfajiri.

Ukaribu peke yake hautoshi. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mgeni anayeona nyufa kwenye nguzo au ujenzi unaoendelea chini ya jengo asione haya kutafuta kwingine. Ahakikishe mlango una komeo la ndani, jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha wageni, na risiti imetolewa. Akitajiwa bei kwa dola, aikatae, kwa kuwa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinataka huduma ndani ya Tanzania zilipiwe kwa shilingi. Wala asitume malipo yote kwa simu kwa mtu asiyemjua. Muuzaji aliyefanya naye biashara miaka miwili ni mshauri bora kuliko picha nzuri ya chumba.

Tarehe nazo zina bei yake. Maonyesho ya Sabasaba huanza mwishoni mwa Juni, na wiki za kuelekea Idi na Krismasi hujaza wanunuzi kutoka kila upande. Chumba cha siku hizo hutafutwa kabla ya safari.

Hata hivyo, mzigo huu si wa mfanyabiashara peke yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia watu kuvuka mipaka kwa uhuru. Anayevuka lazima alale mahali. Halmashauri na vyama vya wafanyabiashara vingeweza kubandika Rusumo, Kabanga, Mutukula na Namanga orodha ya nyumba za wageni zilizokaguliwa, pamoja na bei zake. Ni karatasi moja ukutani. Kwa mama anayeingia Dar mara ya kwanza akiwa na mtaji wa kikundi kizima kiunoni, karatasi hiyo ingekuwa na maana kuliko hotuba nyingi za ujirani mwema.